Aliyeipokea Bangili

Jumatatu moja ya Februari 2013 Akaale, mtunza vielelezo vya kesi za wanyamapori mjini Lodwar, alifungua kontena la vielelezo akapokewa na moshi wa samadi. Moshi wenyewe hakuuona. Alisikia harufu tu, ile ya samadi ya ng'ombe iliyokauka na kuchomwa polepole zizini kufukuza mbu. Alirudi nyuma hatua moja akanusa tena. Kontena lilikuwa la chuma tupu, halina dirisha, lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mkubwa wake, Wainaina, na hakuna aliyeweza kulifungua bila mwenzake. Halafu Lodwar ni mji wa mbuzi na ngamia. Hao ng'ombe wa kuchomewa samadi wangetoka wapi?

Aliingia akaanza kazi, Wainaina amesimama mlangoni. Kila Jumatatu alitoa vielelezo kimoja kimoja, akavipima, akavilinganisha na orodha, akatia sahihi. Kulikuwa na pembe kumi za ndovu, na mwisho wa orodha kulikuwa na kielelezo namba kumi na moja, bangili pana ya pembe, ya kuvaliwa juu ya kiwiko, iliyogeuka rangi ya chai kwa uzee. Bahasha yake ilikuwa imefungwa na lakiri haikuwa imeguswa. Akaifungua mbele ya Wainaina, kama inavyotakiwa. Bangili ilikuwa na jivu jeupe, laini, lililopakwa ndani na nje, na ilikuwa na joto la kitu kilichovuliwa mkononi sasa hivi.

"Afande, hii haikuwa hivi," Akaale alisema.

Wainaina alikuwa mtu wa Nyeri, mnene, mwepesi wa mzaha, ambaye miaka minne ya Turkana haikuwa imemfundisha kuvaa kofia. Alichungulia, akanusa, akakunja pua.

"Unataka kuniambia ni jini?"

"Sijasema hivyo."

"Majini ni ya Mombasa, Akaale. Hapa joto litayamaliza kabla ya lunchi. Funga hiyo bahasha, andika tarehe."

Akaandika tarehe. Jivu hakuliandika, na hilo lilimsumbua kuliko ile harufu, kwa sababu katika miaka saba ya kutunza vielelezo hakuwahi kuona kitu akakiacha bila kukiandika.

Bangili hiyo ilikuwa imeletwa na msako wa Januari, kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori aliyeitwa Aregae, mtu wa suti na salamu nyingi, aliyekuwa akipitisha pembe chini ya magunia ya makaa. Alikuwa amekodi chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja mkimbizi kutoka Nasir, Sudan Kusini, anayeitwa Nyabol. Mama huyo alidhani anamhifadhia vipuri vya lori. Kikosi kilipovunja kufuli kikakuta pembe kumi zimeviringishwa kwa blanketi, mbili kati yake fupi kama mkono wa mtoto. Ndovu watano, na mmoja wao alikuwa bado ananyonya. Akaale alizishika hizo mbili ndogo akatoka nje kwa muda, kwa sababu hakutaka wanaume wamwone analia.

Kisha askari mmoja akaiona bangili ukutani, chumbani kwa Mama Nyabol mwenyewe. Mama akaikumbatia. Wainaina akasema pembe ni pembe, iandikwe. Hapo ndipo Akaale, kwa huruma yake, alipowaondoa wanaume akaketi chini na yule mama, na kijana wake Kong akawa anatafsiri.

"Mama anauliza, nani ndio anapokea?"

"Mwambie mimi ndiye ninayepokea."

"Anauliza jina yako, na ya baba yako."

Akataja jina lake na la baba yake.

"Anauliza utaiweka wapi, na utaiwacha?"

"Itakaa kwangu. Sitaiacha mpaka kesi iishe."

Mama Nyabol akaitikia kwa kichwa. Akaitwaa bangili akampa kwa mikono miwili, na Akaale akaipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Wakaweka mashahidi, askari wawili upande huu na majirani wawili wa mama upande ule, kwa sababu fomu inataka mashahidi. Akaale akatia sahihi, mama akaweka kidole gumba. Kisha mama akachota jivu jikoni, akalitemea mate mepesi, akampaka Akaale kwenye paji la uso. Mtu mwingine angejitoa. Lakini kwao Akaale mzee akikutemea mate anakubariki, hilo analijua hata mtoto wa Turkana, basi Akaale aliinamisha kichwa ampake vizuri. Kong alifungua kinywa kusema jambo, akaona bunduki za wale askari, akakifunga.

Akaale na mumewe, Lokaale, walikuwa wametafuta mtoto miaka sita. Lokaale alikuwa fundi wa pikipiki, mzaliwa wa Lodwar mjini, mtoto wa dereva, ambaye hakuwahi kuchunga hata mbuzi mmoja na alijisifia hivyo. Alinuka petroli siku saba za wiki. Mwezi Machi, Akaale alipomwambia kwamba sista Jepkoech wa zahanati amempima na amekuta mimba, Lokaale aliketi kwenye tairi bovu pale karakana akacheka mpaka wateja wakamuuliza kama ni malaria. Ilikuwa furaha kubwa, na Akaale hakutaka kuifikiria harufu ya kontena tena. Alipika, aliimba, alinunua kitambaa cha kumfungia mtoto.

Lakini Lodwar ina saa yake mbaya, na si usiku. Ni saa saba mchana, jua linapokaa juu ya bati, maduka yanapofungwa nusu mlango, na mji mzima unalala kwenye mikeka bila sauti. Saa hiyo Lokaale alirudi nyumbani kula na kujinyoosha kidogo. Mchana mmoja wa Mei, Akaale aliingia akamkuta ameketi katikati ya mkeka, macho ameyafumba, mkono wa kushoto ameunyoosha mbali na mwili na kuupinda juu, mfano wa pembe ya fahali. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Akaale alisikiliza neno moja baada ya jingine asielewe hata moja. Chumba chote kilinuka samadi.

"Lokaale."

Akafumbua macho. "Chakula iko?"

"Ulikuwa unaimba nini?"

"Mimi? Nimeingia sasa hivi." Akatazama saa ya mkononi, akaitikisa. "Hii saa imeharibika. Imeruka nusu saa."

Haikuwa saa iliyoharibika. Nusu saa ikawa saa moja, saa moja ikawa mchana mzima. Juni Lokaale alianza kuomba maziwa, yeye aliyekuwa akinywa chai ya rangi tangu utotoni, na akayanywa ameinua kibuyu kwa mikono miwili, kibuyu ambacho Akaale hakujua kilitoka wapi. Julai Akaale, akimvua shati alifue, aliona kwenye mkono wa kushoto wa mumewe, juu ya kiwiko, mstari mpana ulioingia ndani ya nyama na kuzunguka pande zote, ngozi yake nyororo na iliyopauka, kama alama ya pete kwa mtu aliyeivaa miaka mingi akaivua. Alimgusa. Lokaale alimtazama kwa upole, upole wa mgeni anayeshukuru kukaribishwa, akasema maneno mawili ya lugha ile isiyo yake, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe na mtoto akaruka ndani.

Akaale aliogopa. Aliogopa hivi kwamba alikwenda kanisani siku tatu mfululizo, akawekewa mikono, akarudi nyumbani akakuta jivu mlangoni limetandazwa vizuri kama limepepetwa. Ofisini nako kila Jumatatu bangili ilikuwa na jivu jipya na joto jipya, na lakiri haijaguswa. Wainaina alikuwa ameacha mzaha. Siku moja aliiweka bangili mezani, akaitazama, na wakiwa wote wawili mbali nayo ikajigonga juu ya mbao, ko, ko, ko, jinsi mtu mwenye bangili anavyogonga mlango wa watu anaowajua.

"Kesho kutwa kuna gari la Kakuma," Wainaina alisema polepole. "Nenda uulize."

Walisafiri mchana, nyuma ya magari ya polisi kwa ajili ya wezi wa njiani, kilomita mia moja na ishirini za vumbi na mawe, na Akaale alishikilia tumbo lake njia nzima. Ilikuwa Septemba, mimba ya miezi minane. Mama Nyabol alipomwona anashuka, alipiga kigelegele. Akamkalisha mahali pazuri, akamletea maji, akamwosha miguu. Akaale alitaka kujitoa asiweze.

"Kong," alinong'ona, "mama yako anafanya nini?"

Kong hakumwangalia. "Madam, mi nilitaka kukuambia ile siku. Hiyo bangili ni ya brother yangu, Gatdet. Alikufa vita, hajaoa. Kwetu, mtu akikufa bila mtoto, wanamwolea mke. Jina yake isipotee. Watoto wanaitwa wake."

"Mimi nina mume."

"Mama anajua. Anasema ni sawa. Mtu hai lazima akuwe, wa kumshikia nafasi."

Mama Nyabol akaongea kwa muda, sauti yake haina ubaya wowote, na Kong akatafsiri huku ameinamisha kichwa. Alisema ameomba mke wa Gatdet miaka kumi na tano, na hapa kambini nani ana ng'ombe wa kuoa? Alisema hakumdanganya mtu. Binti alikuja mwenyewe. Alitaja jina la baba yake, alipokea kwa mikono miwili mbele ya mashahidi wa pande mbili, akasema itakaa kwake na hataiacha. Aliinama mwenyewe kwenye jivu. Mama alidhani serikali imemwonea huruma.

"Sikujua," Akaale alisema. "Mwambie sikujua. Kwetu mate ni baraka tu."

Mama aliposikia hilo akashika mdomo. Sasa na yeye aliogopa, na hofu ya yule mzee ndiyo iliyomvunja Akaale nguvu.

"Anasema basi rudisha. Wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, kabla mtoto hajazaliwa. Atakuosha paji na itaisha. Lakini mtoto akizaliwa na bangili bado iko kwako, Gatdet atakuja kumpokea mwenyewe. Huyo anamshikia atampisha."

"Atampisha aende wapi?"

Kong alimuuliza mama yake. Mama akaanza kumfuta Akaale miguu.

Kesi ya Aregae ilikuwa imeahirishwa Juni, na tena Agosti. Hukumu ilipangwa Ijumaa, tarehe nne Oktoba. Orodha ya vielelezo ilikuwa moja tu, yenye vitu kumi na kimoja na sahihi za watu saba, na siku ya hukumu kila kitu kilitakiwa kiwe mezani. Akaale alijua maana ya kitu kimoja kukosekana. Mwaka uliotangulia kesi yao ya Lowarengak ilikufa kwa sababu ya ngozi moja ya chui iliyoandikwa na isionekane. Wakili alisimama akauliza, kama hii imepotea, hizi nyingine mmezitoa wapi? Mshtakiwa akatoka akicheka, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ananunua tena. Aregae alikuwa na wakili mkali kuliko yule, na malori manne.

Jumatano, siku mbili kabla ya hukumu, saa saba mchana, Wainaina, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, alimwita. Aliweka ufunguo wake juu ya meza akageukia ukuta.

"Gari liko nje, lina mafuta," alisema. "Ukitoa kitu humo sitaona. Kesi ikifa nitasema ni mimi. Nina mke pia, Akaale."

Akaale alikwenda peke yake. Kontena lilikuwa tanuri, harufu ya moshi nzito hadi machozi yakamtoka, na ndani ya ile harufu alisikia ng'ombe wanapumua, wengi, taratibu, pande zote, na kengele ya fahali ikilia mbali kisha karibu. Akaichukua bangili. Ilitulia kiganjani mwake ikiwa na joto. Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka, na angefaulu kuondoka kama hangegeuka, kwa sababu aliziona zile pembe mbili ndogo zimelala mwisho wa rafu, na namba alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, na akakumbuka kwamba aliyezikata ilibidi achimbe ndani ya uso wa yule mtoto kuzipata, maana nje hazikuwa zimetokeza sana, na kwamba Ijumaa jioni Aregae angekuwa huru akiagiza nyingine, na Akaale ndiye angekuwa amemfungulia mlango, na alisimama pale na tumbo lake na bangili yake, jasho likimtiririka, akijiambia kwamba yeye ni mkristo, ni mtumishi wa serikali, kwamba siku za kujifungua bado hazijatimia, kwamba Jumamosi asubuhi, hukumu ikishasomwa, atairudisha mkono kwa mkono, siku tatu tu, siku tatu si kitu. Akairudisha ndani ya bahasha. Akaifunga. Ng'ombe wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ijumaa kila kitu kilikuwa mezani. Wakili wa Aregae alihesabu vielelezo mara mbili, akaketi. Aregae alipewa miaka saba. Akaale aliona suti ile ikishuka mabega, na moyo wake, hakuweza kujidanganya, ulijaa furaha. Kisha hakimu akafungua ukurasa wa mwisho akasoma kwamba vielelezo vyote, kuanzia namba moja hadi namba kumi na moja, vinataifishwa, na vitabaki mikononi mwa afisa aliyevipokea mpaka vitakaposafirishwa Nairobi.

Akaale alisimama kutaka kusema jambo. Maji yalimmwagikia miguuni hapohapo mahakamani.

Uchungu ulikwenda mpaka Jumamosi. Jepkoech hakumwacha hata kidogo, alimfuta jasho, alimtania, alimkaripia. Saa saba mchana mtoto alizaliwa, wa kiume, mzima, mzito, na zahanati yote ilikuwa imelala kwa joto. Lokaale aliingia wakati huo. Alikuwa amevaa shati safi. Akaale alivuta pumzi kutafuta harufu ya petroli.

Alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Mtoto, aliyekuwa akilia, akanyamaza.

"Haya, kadi," Jepkoech alisema, akitafuta kalamu. "Jina la baba?"

"Gatdet."

"Gatdet gani? Si wewe ni Lokaale, juzi umenitengenezea pikipiki?"

"Lokaale alikuwa ananishikia," akasema, kwa upole, katika Kiswahili cha mtu aliyejifunza juzi. "Andika Gatdet."

"Lokaale, wacha mchezo," Akaale alisema. Alijaribu kuinuka akashindwa. "Lokaale. Niangalie."

Akamwangalia. Alikuwa na machozi. Hakukuwa na ukatili wowote katika uso ule, palikuwa na shukrani tu, shukrani ya mtu aliyengoja muda mrefu nje kwenye baridi. Aliinama akambusu Akaale kwenye paji la uso, na pale alipombusu pakabaki jivu.

"Umeitunza vizuri," alimwambia.

Jepkoech alicheka, akidhani ni mambo ya mtu na mkewe, akaandika. Yeye hakusikia kitu. Akaale peke yake ndiye aliyesikia mtu akigonga ukuta wa bati chini ya dirisha, nje kwenye jua lile, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, na sauti ya mumewe, ile yenyewe ya miaka yote, ikiuliza kwa mshangao:

"Akaale? Mbona mmenifungia nje?"